Ruba kwenye Soksi ya Inspekta

Mimi nimeaibika mara nyingi, lakini kuaibika nikiwa nimepiga magoti mbele ya watoto arobaini na wawili, nikishika mguu wa mwanaume mgeni, hiyo ni mara moja tu, hapo Kasikeu, miaka ya sabini, wakati nilikuwa mwalimu asiye na cheti.

Siku hiyo inspekta alikuwa anakuja kunisikiliza nikifundisha darasa la sita, na akiridhika angenipendekeza kwenda chuo cha ualimu. Somo lilikuwa wanyama wasio na mifupa. Mwalimu Kioko, tuliyefundisha naye, aliniambia, "Mwikali, chora ruba ubaoni, umalize, ukae." Nikamcheka. Nichore ruba na bwawa la ng'ombe liko hapo chini ya shule? Nikashuka asubuhi na chupa ya jamu, nikarudi na ruba watano wazima, wamenona kama vidole vyangu (na wakati huo vidole vyangu havikuwa vyembamba).

Sasa, wangebaki kwenye chupa singekuwa na hadithi. Lakini niliona watoto wa nyuma hawataona vizuri, basi nikawamwaga kwenye sahani yenye maji kidogo, nikaiweka ukingoni mwa meza, na inspekta, mzee wa kaptula na soksi nyeupe za kufika magotini, akaketi kwenye dawati la mbele, goti lake likigusa meza yangu.

Nikafundisha, jamani! Nikasema ruba hana mfupa hata mmoja, mwili wake ni mapingili mapingili, anapumua kwa ngozi, ana kinyonyeo mbele na kingine nyuma. Inspekta anaandika, anaitikia kwa kichwa, nami sauti inapanda kama ya mhubiri.

Ndunge, msichana wa dawati la pili, akainua mkono. "Mwalimu, ruba wako wanne."

"Watano," nikamwambia bila kuangalia. "Hana miguu, ataenda wapi?"

Nikaendelea: ruba akikuuma husikii uchungu, mate yake yanatia ngozi ganzi.

"Mwalimu, angalia..."

"Ndunge, kaa chini!"

"Lakini inspekta anatoka damu!"

Nikaangalia. Nyuma ya goti la mzee, juu kidogo ya soksi, ruba wangu alikuwa amejaa kama zabibu, na ile soksi nyeupe ilikuwa na mstari mwekundu mpaka kwenye kiatu. Mzee mwenyewe bado alikuwa anaandika! Alipoona, kalamu ikaanguka.

Hapo ningetulia, lakini nilipiga magoti nikavuta. Nikang'oa upande mmoja, ule mwingine ukabaki umeshika, ruba akarefuka kama mpira wa manati, na upande niliong'oa ukanishika kidole. Basi tukawa tumefungwa pamoja, mimi na inspekta, na darasa zima limesimama juu ya madawati. Mwalimu mkuu akasikia kelele, akaja mbio na pakiti ya chumvi ya jikoni, akaimwaga yote, nusu kwa ruba, nusu ndani ya soksi. Ruba akaanguka. Mzee akapiga kelele, maana chumvi na kidonda, nyinyi mnajua.

Na damu haikuacha. Tukafunga kitambaa, ikapita. Ndunge, maskini, akauliza polepole kwa nini haikauki. Mimi nilikuwa natamani sakafu inimeze, lakini inspekta, mguu wake juu ya dawati, akaniambia, "Mwalimu, mtoto ameuliza. Mjibu."

Nikajibu: mate yaleyale yanazuia damu kuganda, itaacha yenyewe baadaye.

"Baadaye lini?" akauliza mzee.

Sikujua. Nikamwambia sijui.

Mwaka huo hakunipendekeza. Alikuja tena mwaka uliofuata, amevaa suruali ndefu, na safari hiyo akanipitisha. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na ninafundisha vizuri, siwezi kudanganya. Wanyama hai bado naleta darasani. Lakini mtoto akisema, "Mwalimu, angalia," hata kama niko katikati ya neno, naweka chaki chini, naangalia.