Kabla Jumamosi ya Pili Haijapita

Nakumbuka Jumatatu moja ya masika, mvua ya Tukuyu ikimwagika tangu alfajiri kama ilivyo desturi yake, nami nimekaa mbele ya kompyuta najiona mimi ndiye mimi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Siku hiyo niliharibu majani ya chai ya watu wa Suma bila kugusa hata jani moja. Tega sikio, mwanangu, maana nimesikia kwamba na wewe sasa umepewa ruhusa ya kubadilisha Kitalu, lugha yetu ya kompyuta, na vidole vyako vinawasha.

Wewe Kitalu umekikuta kikubwa, kina watu wake nchi nyingi. Sisi tulikianza kikiwa mche. Enzi hizo soko huria ndiyo kwanza limefunguka, kila kitu kikawa kinaingia nchini: mashati ya mitumba, redio za kaseti, na mwishowe kompyuta zilizochokwa na wenyewe huko zilikotoka. Kaka Salum, fundi redio wa Msasani hapa mjini, ambaye baba yake alihamia kutoka pwani na cherehani yake moja, alinunua kompyuta ya namna hiyo Dar es Salaam akaifufua. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma kozi fupi ya kompyuta Mbeya. Tukaona kila lugha ya kuandikia programu inadai Kiingereza kwanza. Tukaulizana, kwani mashine ina kabila? Tukatunga yetu, yenye amri kama andika, rudia na soma. Tukaiita Kitalu, tukaiacha wazi: anayetaka aisome, ainakili, airekebishe, mradi alichorekebisha akirudishe ili na wengine wanufaike.

Intaneti Tukuyu haikuwapo bado. Kila Jumamosi mmoja wetu alipanda basi, akapita Kiwira mpaka Mbeya na disketi mfukoni, akaingia kwenye duka la intaneti, akachukua barua za wenzetu na kupeleka zetu. Wenzetu wenyewe walikuwa mwanafunzi mmoja wa India, mhandisi mstaafu wa Ulaya aliyeandika Kiswahili cha kamusi, na wengine wachache ambao sura zao sizijui hadi leo. Tulibishana nao kwelikweli, kwa adabu, wiki baada ya wiki. Kwa kuwa barua zilikwenda mwendo wa kinyonga, tulijiwekea sheria. Ukitangaza badiliko, linangoja Jumamosi mbili zipite ndipo liingie, ili kila mtu apate kusoma, kufikiri na kujibu. Salum aliiandika ukutani kwa chaki, akaongeza chini yake: penye wengi hapaharibiki neno.

Mmoja wa hao wengi alikuwa Mwalimu Ambakisye. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mkulima wa chai kule Suma, na wakulima wenzake walikuwa wamemkabidhi kazi ya kupanga safari za lori la kubebea majani. Vituo vilikuwa sita. Unajua jani la chai halina subira. Likichumwa asubuhi lisipofika kiwandani siku ileile, linapata joto ndani ya gunia na kuwa jekundu, basi tena. Kabla yake dereva alikuwa akianza anakopenda, na ugomvi haukuisha. Mwalimu akajifunza Kitalu kwa mwaka mzima, akiwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, akaandika programu ya kupanga safari hizo. Kila asubuhi alikuja dukani kwa Salum kuchapisha karatasi ya siku. Ilikuwa programu ya kwanza ya maana iliyoandikwa kwa lugha yetu na mtu asiye sisi. Tulijivunia kuliko hata yeye.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Katika Kitalu, orodha ilianza kuhesabiwa na moja, kama mtoto anavyohesabu vidole. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wakubwa wa dunia wanaanza na sifuri, na kwamba kuna faida zake, na kweli zipo. Nikaandika pendekezo. Jumamosi ya kwanza iliyofuata majibu yakaja, mhandisi wa Ulaya akanisifu, mwanafunzi wa India akanisifu zaidi. Mwanangu, sifa ni pombe. Jumatatu nikaamua kuliingiza.

"Tusa, bado Jumamosi moja," Salum aliniambia, akikusanya vifaa vyake aende Kiwira kutengeneza redio ya mtu. "Na Mwalimu hajajibu. Nilimchapishia barua yako, ameipeleka nyumbani."

"Mwalimu amenyamaza, maana yake amekubali, kaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Haya bwana," akasema, akicheka. "Ila hakikisha yatakayouma ni ya kwako."

Akaondoka. Mwalimu naye alikuwa msibani tangu Ijumaa, akawa ameniomba nimchapishie karatasi ya siku hiyo. Nikaingiza sifuri yangu kwanza, kisha nikaendesha programu yake juu ya Kitalu kipya, ili akirudi nimwambie kwa maringo kwamba ameshahamia mambo ya kisasa. Karatasi ikatoka. Ilikuwa na vituo vitano, na chini yake mstari mtupu.

Niliuona mstari ule. Sitakudanganya kwamba sikuuona. Dereva aliikunja karatasi akaniuliza, "Leo vitano tu, dada?" Nami nikamjibu, "Kompyuta haikosei." Hata leo nikiyakumbuka maneno hayo masikio yanapata moto.

Kilichotokea ni rahisi. Programu ya Mwalimu iliita kituo namba moja, na mashine, kwa hesabu yangu mpya, ikatoa cha pili. Kituo cha kwanza kilikuwa kimesogea kwenye sifuri, ambako hakuna aliyekiita. Ilipofika namba sita haikukuta kitu, ikaandika patupu. Na kituo cha kwanza katika orodha ya Mwalimu kilikuwa cha kwao, Suma.

Jumanne asubuhi Mwalimu alisimama mlangoni pa duka, viatu vimejaa tope, bado amevaa koti la msibani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Chukua mwavuli, gwe Tusa. Twende Suma."

Nikauchukua, nikamfuata. Tulipofika, banda la kituo lilikuwa limezungukwa na watu. Mama mmoja, Mama Subilaga, mtu wa umri wa mama yangu, alifungua gunia akaniambia niweke mkono. Nikauingiza. Ndani mlikuwa na joto kama la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Majani yalikuwa mekundu. Walikuwa wamechuma tangu saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mvua, na watoto mgongoni, wakangoja lori mpaka giza.

Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba mashine itolewe na Mwalimu apumzike, dereva arudi kupanga mwenyewe. Wengine wakaitikia. Nikamtazama Mwalimu. Mwaka wake mzima ulikuwa unakwenda na maji, na jina lake juu. Yeye akavua kofia.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia tuiamini."

Mwanangu, palikuwa na nafasi ya kunyamaza pale. Hakuna hata mmoja wao aliyejua sifuri wala moja. Ningenyamaza ningerudi Tukuyu salama, na mzee wa watu angebeba mzigo wangu mpaka kaburini. Niliogopa sana, sikufichi. Lakini nilisema. Nikawaeleza kwamba programu ya Mwalimu haikuwa na kasoro, kwamba mimi ndiye niliyebadilisha lugha chini yake bila kumngoja.

Mama Subilaga akalifunga gunia lake. "Hiyo karatasi, uliiona ina vituo vitano?"

"Niliiona, mama."

"Na ulijua tupo sita?"

"Nilijua."

"Basi mashine mnaisingizia bure," akawageukia wenzake. "Mwalimu abaki na kazi yake. Lakini kuanzia leo karatasi isomwe kwa sauti kabla lori halijaondoka, kila kituo kisikie jina lake. Na wewe binti, shika gunia."

Nilishika. Siku nzima nilibeba majani yaliyoharibika kuyamwaga kwenye mashina ya migomba, angalau yaoze kwa faida. Hakuna aliyenitukana. Saa nane wakanipa ndizi za kupika na maziwa ya mgando, nikala nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwali. Wema wao uliniuma kuliko ambavyo matusi yangeuma.

Tulipokuwa tunangoja usafiri wa kurudi, Mwalimu akatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akanipa. Ilikuwa barua yake kwa kundi, aliyoiandika Jumapili huko msibani, akingoja ipelekwe Mbeya Jumamosi. Mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Nilisoma kwamba pendekezo la binti yetu ni zuri, kwamba amelijaribu kwa mkono kwenye daftari na analiunga mkono. Kisha mstari wa mwisho: "Ila naomba kwanza nipewe nafasi nirekebishe programu ya lori, kwa maana bila hivyo kituo cha kwanza kitaachwa, nacho ni Suma."

Nililia pale barabarani, mtu mzima. Mwalimu aliniacha nilie kwanza.

"Mimi mkono wangu ni mzito," akasema baadaye. "Kila neno nalipima. Wewe uliniona nimenyamaza, kumbe nilikuwa naandika."

Wiki hiyo nilirudisha Kitalu kama kilivyokuwa. Jumamosi nikapanda basi mwenyewe kwenda Mbeya, nikawaandikia wote nilichofanya, sikupamba. Mhandisi wa Ulaya alijibu kwamba naye aliwahi kuvunja kazi za watu kwa haraka hiyohiyo, ila hakuwahi kupewa gunia. Tukajadiliana miezi mitatu. Mwisho Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeleta njia: mwandishi wa programu aandike katika mstari wa kwanza kama anahesabu kuanzia moja au sifuri, na asiyeandika chochote aendelee na moja kama zamani. Ndiyo njia unayoitumia hadi leo, na wewe ulidhani imetungwa na profesa.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Badilisha, mwanangu. Sikuzuii, tena nitakusukuma. Lugha isiyopaliliwa inageuka kichaka, na sisi wazee tunaweza kuzoea miiba tukaiita mapambo. Mawazo yako ni mazuri, nimeyasoma. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao: kila unachokiita uchafu wa zamani, kuna mtu mahali fulani amekijengea kazi yake, na mtu huyo mara nyingi si msemaji. Wanaojibu upesi ni wale ambao badiliko haliwagusi. Yule litakayemgusa anakwenda kwanza kuangalia shamba lake, au amefiwa, au mkono wake ni mzito. Basi kabla hujaingiza kitu, hesabu waliosema, kisha hesabu ambao hawajasema, uwafuate hao mmoja mmoja, ikibidi kwa miguu. Ukiona mstari mtupu, usiuambie ulimwengu kwamba mashine haikosei. Simama uulize. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla mwingine hajalibeba kosa lako, kwa sauti ya kusikika, mbele ya wale uliowaumiza.

Mungu abariki akili yako na kazi ya vidole vyako. Akupe wenzako watakaokubishia bila kukuchukia, na wazee watakaokuambia ukweli ungali na nguvu za kuutumia. Unachokijenga kiwafae watu ambao hutawaona kamwe, na wao wakikuombea, dua zao zikufikie wewe na watoto wako. Nenda salama, mwanangu. Asante sana, ndaga fijo, kwa kunisikiliza.