Sampuli ya Kabla ya Moto

Kiwandani walimwita Mama Vidudu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyowapenda waliompa. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye maabara yenye dirisha moja na friji mbili, akihesabu bakteria wa mtindi, na katika miaka yote hiyo hakupata binadamu wa kumheshimu. Vidudu, sawa. Vidudu hufanya kazi yao bila kuitisha mikutano. Binadamu, mh, hao alishawachoka.

Aliyeongoza kwa kudharauliwa ni meneja wa mauzo, bwana mwenye suti tatu na neno moja, nalo ni bilioni. Bilioni za bakteria hai katika kila kikombe, ndivyo alivyoandikisha kwenye kifuniko. Ukimwuliza hao bakteria wakishamezwa wanakwenda wapi, anacheka na kukupa kalenda. Hakujua kwamba mdudu akiingia tumboni anaangukia kwenye asidi, akinusurika hapo anakutana na nyongo, na hata wakiingia wazima wanaofika salama utumboni ni sehemu tu ya walioanza safari. Mama Vidudu hilo alilijua kwa mikono yake. Aliwatia vidudu kwenye kichupa cha asidi, akawaweka saa mbili katika joto la mwili, akawahamishia kwenye nyongo, kisha akawapanda sahanini na kungoja siku tatu ahesabu vitone vya waliopona.

Sasa sikia upumbavu wenyewe. Ili vikombe vikae dukani miezi mitano bila friji, mtindi ukishaganda ulipitishwa tena kwenye moto. Vidudu kwisha habari yao! Asidi ya tumbo la mteja haikuwa na kazi tena, maana walishauawa kiwandani. Lakini sampuli ya maabara, kwa amri ya meneja asiyejua moto unaua nini, iliendelea kuchotwa pipani kabla ya moto kama zamani. Mama Vidudu alihesabu alicholetewa, akakuta bilioni, akatia sahihi. Kila neno kwenye cheti lilikuwa kweli tupu. Na hao wanunuzi wanaotafuta afya kwenye vifuniko, alijisemea, shauri yao, wajinga ndio waliwao.

Kisha mama yake mzazi akarudi nyumbani kutoka hospitali. Wiki tatu za antibiotiki zilikuwa zimemfagia tumbo, wadudu wabaya kwa wazuri, na bibi wa watu akawa haondoki chooni, anapungua mpaka bangili inapanda hadi kiwiko. Daktari alimshauri ajaribu mtindi wenye bakteria hai. Bibi akasema hataki wowote ila ule wa kiwanda cha bintiye, maana mwanawe ndiye anayeuhesabu, na mwanawe hadanganyi.

Ungedhani hapo angesema ukweli. Wapi! Alichofanya ni kuchota mtindi pipani kabla ya moto, akaujaza kwenye vikombe vitupu vya kiwanda, akabana vifuniko vizuri na kuvipeleka nyumbani kila jioni. Wiki ya tano tumbo la bibi likatulia. Kama ni mtindi uliomponya au ni siku tu, hilo hata Mama Vidudu asingelitilia sahihi.

Bibi yeye hakuwa na shaka. Alitangaza kikombe kile ngazini, kwenye foleni ya maji, kila mahali. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye mtoto wake naye alitoka kwenye dozi kama hiyo na tumbo lilikuwa halijakaa sawa, alianza kununua dukani viwili kwa siku. Mama Vidudu alimwona akiingia navyo, akabetua mdomo. Mwanamke mzima, ananunua maiti.

Habari za bibi zikamfikia meneja. Akataka aje Jumamosi ampige picha ameshika kikombe, iwekwe kwenye mabango. Bibi akafurahi, Ijumaa mchana akatoa gauni lake la maua na kuanza kulipiga pasi. Hapo Mama Vidudu akaona maji yamemfika shingoni, akasema yote. Alianza na meneja na ujinga wake, akaingia kwenye pipa na moto, akimalizia na vikombe vya jioni, tena kwa kejeli kama kawaida yake, akidhani watacheka pamoja.

Bibi aliisimamisha pasi. Akauliza ameyajua hayo tangu lini. Akajibiwa, tangu mtambo wa moto uwekwe, mwaka wa sita huu.

"Fundi aliniuliza jana mbona wa mwanawe haumsaidii," bibi akasema. "Nikamwambia awe na subira."

Mama Vidudu akasema yeye kazi yake ni kuhesabu anacholetewa, basi.

Mama yake akamtazama, na jicho lile hakuhitaji kuambiwa maana yake. Ndilo yeye mwenyewe alilokuwa akimtazama nalo meneja miaka yote, na hakuwahi kufikiri linauma namna ile.

"Meneja wako hajui anachouza," bibi akasema. "Wewe ulijua, mwanangu. Ulijua mpaka ukanitengea changu."

Akachomoa waya wa pasi, akalikunja gauni bila kulimaliza. Kisha akatafuta kandambili zake, ashuke kwa fundi. Ngazi zilikuwa nyingi na magoti yake bado mabovu, kwa hiyo binti akamfuata mlangoni akamnyooshea mkono. Bibi akaupita. Akashuka polepole, ameshika ukuta.