Nilivyong'oa paipu nene ya Baba ili Ata apate maji moto hapa Lodwar

Wakuu, ejok, hiyo ni salamu ya Kiturkana.

Haya yametokea kwetu, na anayebisha aje afungue mfereji mwenyewe.

Najua mtaanza na ile yenu: "Maji moto Lodwar? Huko si mnachemsha chai kwa jua?" Chekeni mmalize. Mchana ni kweli, mfereji unaunguza. Lakini alfajiri maji yaliyolala kwenye paipu yamepoa kabisa, na alfajiri ndipo Ata huoga.

Ata ni nyanya yangu, mama yake Mama. Alikuja kutoka Kakuma kutibiwa mikono. Vidole vikipata baridi vinakaza, hawezi hata kujifungia shanga zake. Daktari akasema aoge maji ya moto kila asubuhi.

Tanki la sola tunalo juu ya paa. Bafu ndani ya nyumba lipo.

Shida ni kwamba Ata hawezi kuvua nguo chini ya paa moja na mkwe wake, yaani Baba. "Aibu hiyo utanibebea wewe?" aliniuliza.

Baba ni mtumishi wa serikali, alihamia huku kutoka Bungoma. Kwao pia mkwe ni mkwe. Akamjengea bafu lake nje, mwisho kabisa wa boma, karibu na ua. Akavuta paipu kutoka kwenye tanki, tena nene, ya inchi moja, ili mama mkwe asikose maji.

Heshima ilifika. Maji moto hayakufika.

Yaani, yalifika baada ya kumwaga ndoo nzima ya baridi. Na mtu aliyekua akichimba maji kwenye mchanga wa lagga, mto uliokauka, hamwagi maji. "Haya yamekosa nini?" Anaoga hayo hayo baridi, anatoka vidole vimejikunja.

(Mtasema akinge ndoo. Mikono ile hainyanyui ndoo, na hataki mtu bafuni. Mtasema tumchemshie. Alisema yeye si mama aliyejifungua jana wala maiti wa kupelekewa maji.)

Siku moja nikamkuta anafunga mzigo. "Narudi Kakuma. Baridi hata kwangu ipo." Na matibabu hayajafika nusu.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikituma ombi la kazi nalisoma tena na tena hadi naona aibu na jina langu. Safari hii nikawaza paipu. Nikaona kwamba maji moto hayachelewi kwa uvivu. Yanangoja baridi iliyojaa mbele yake itoke, na paipu nene imebeba baridi nyingi.

Nikamwambia Baba tuweke ya nusu inchi.

"Digrii ya uchumi siku hizi inafundisha mabomba?" akasema.

Fundi wake akadakia, "Mzee, huyu anataka mama mkwe wako aoge na matone."

Nikachukua vipande viwili vya paipu, urefu sawa, kimoja kinene, kimoja chembamba. Nikaviziba chini, nikavijaza maji, nikayamimina mbele yao. Kinene kilijaza jagi. Chembamba kilijaza kikombe cha chai.

Baba akaliangalia lile jagi. "Bado kuna suala la presha," akasema, kisha akaenda zake Kakuma kikazi.

Nikaing'oa ile paipu nene. Ndiyo, bila ruhusa.

Fundi ni yule yule. "Na Mzee akiniuliza?"

"Sema ni mimi."

Tukaivisha paipu mpya ya nusu inchi sponji la godoro kuukuu, tukaifunga nailoni, tukaizika mchangani. Mfereji wa baridi tukauacha pembeni ili achanganye asiungue. Kila nikikata paipu kwa msumeno nilijiuliza. Je, ikivuja? Je, kama Baba ndiye aliye sahihi?

Alfajiri nikasimama nje ya bafu. Maji yakagonga beseni. Halafu nikamsikia Ata:

"Nani amewasha moto huku?"

Baba aliporudi alisimama uani. "Nani amegusa paipu yangu?"

Nikasema ni mimi. Kabla hajanijibu, sauti ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni. Ata hakai mbele ya mkwe wake wala hamsemeshi, kwa hiyo aliongea na mimi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Mwambie mkwe wangu paipu yake ilikuwa nzuri sana. Ya kunyweshea ngamia."

Baba akainamisha kichwa, mabega yanacheka. "Mwambie mama mkwe nimesikia."

Presha imepungua kidogo, sikatai. Ata haogi kwa mpira wa zimamoto.

Nilichojifunza: kuwa na wasiwasi hakumaanishi umekosea. Unaweza kutetemeka na bado ukashika msumeno.

Mzigo umefunguliwa. Leo asubuhi Ata amejifungia shanga zake mwenyewe, zote, hadi kidevuni.

Mafundi mlio humu, uwanja ni wenu, bisheni. Ila kila mtu aje na jagi lake.