Mbega wa Baa ya Thongpiny

Mbega alishika kopo la bia kwa mikono yote miwili, akanywa, kisha akatapika juu ya manyoya yake meupe. Meza nzima ikapiga makofi.

Nilikuwa nimeitwa kwenye hoteli moja ya mtaa wa Thongpiny kutengeneza jenereta. Tundu la mbega lilikuwa kando ya baa, sakafu imegandamana na kinyesi cha majimaji, ugali wa jana na vichungi vya sigara. Tumbo lake lilikuwa limevimba kama mpira. Mhudumu, aliyekulia Uganda kama mimi, aliniambia mnyama huyo aliletwa ndani ya gunia kutoka milima ya Imatong.

"Mzee, huyu iko na bahati," alisema. "Anakula chapati kuliko mimi. Msomali wa dukani anamtumia biskuti kila siku."

"Mbega hali biskuti. Anakula majani. Hivyo vyakula vitamuua."

"Majani! Kwani huyu ni mbuzi? Mgeni anapewa majani?"

Walevi walikuwa wanamchezea tu. Hawa wema ndio waliokuwa wanammaliza.

Utotoni, ukimbizini, tuliishi chini ya Mlima Elgon. Ukungu ukishapanda, mbega walikaa juu ya miti wakiota jua, wakatafuna majani bila haraka. Waliporuka, manyoya yao marefu yalitanda hewani kama shuka. Sikumwona hata mmoja akishuka kutuomba kitu.

Kesho yake nilimpelekea majani machanga ya mkuyu. Aliyanusa, akayaachia yakaangukia uchafuni. Meneja alinijia.

"Fundi, shughulika na jenereta. Huyu ananiletea wateja."

"Na akikufia hapa wateja wakiwa wanakula?"

Alitazama tundu, akaziba pua kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia ile harufu, akatoa simu na kupiga.

Jioni ile walikuja wanaume wawili na pikapu isiyo na maandishi. Walisema wametumwa na watu wa wanyamapori na kwamba watamrudisha mlimani. Walimfunga miguu, wakamtupa nyuma pamoja na mikungu ya ndizi. Mhudumu akawakimbilia na pakiti ya biskuti.

Nimeshakwenda mara mbili kwenye ofisi ya wanyamapori. Wanasema hawakutuma gari lolote, wala hawajapokea mbega. Meneja hakuwauliza majina.