Nusura nikose mke London kwa ajili ya kuzunguka duara la matofali

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka mingi nakula nyuzi za wenzangu bila hata kuosha sahani, kwa hiyo leo zamu yangu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu wala jirani wa binamu. Nikidanganya, nirudishwe kwenye kile chumba changu cha Wembley ambacho ili ufunge mlango ilibidi kwanza upande kitandani.

Ilikuwa 2003.

Nilikuwa carer. Kwa wasiojua, carer anakwenda majumbani kwa wazee wa Kiingereza, anawaogesha, anawapa dawa, anawachemshia chai na kuwasikiliza. Nyumbani nilikuwa nimeandika kwamba niko "sekta ya afya". Mama yangu kule Morogoro akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari, watu wakaanza kunipigia simu kunielezea vidonda vya tumbo. Tuyaache hayo.

Agency, yaani kampuni iliyonipa kazi, ikanipeleka kwa mzee mmoja Bethnal Green, nitamwita Mzee Desmond. Mwalimu mstaafu wa jiografia, mkewe amefariki, na yeye mwenyewe alikuwa amepata kiharusi kidogo kilichomwachia mguu wa kushoto mzito. Daktari alimwambia atembee kila siku. Mzee akakubali kwa sharti moja, kwamba barabarani hatembei. Anatembea kwenye labyrinth tu.

Nikajibu "yes, yes", kama tunavyojibu Kiingereza chochote tusichokielewa.

Akanipeleka kwenye uwanja wa kanisa moja karibu na Mile End Road. Kwenye nyasi kulikuwa na njia ya matofali yaliyolazwa ardhini, inajikunja na kujizungusha hadi katikati. Hakuna ukuta wala kamba. Mzee akavua viatu, akataka na mimi nivue, eti miguu lazima iisikie ardhi. Akaanza kwenda polepole na fimbo yake.

Mimi nikapiga hesabu. Katikati palikuwa hatua kama saba kutoka niliposimama, nikakatiza. Mtanzania na njia ya panya, nani atatutenganisha? Nikasimama katikati namngoja, najiona mjanja.

Yule mzee alikasirika kama vile nimemwibia. "Toka hapo, rudi mwanzo!" Nikamuuliza kosa langu nini wakati hakuna ukuta. Akasema, "Hakuna ukuta, ndiyo maana hukatizi." Niliona maneno ya kiharusi hayo, nikarudi mwanzo.

Ilituchukua karibu nusu saa. Unakaribia katikati, unaiona kabisa, halafu njia inakutupa nje ukingoni kama hukuwahi kusogea. Kupotea huwezi maana njia ni moja tu, unachoweza ni kuchoka. Tulipofika, mzee akafumba macho akasimama. Mimi nikatazama chini kutafuta tulichokifuata, nikaona matofali. Halafu tukarudi kwa njia ile ile.

Siku hiyo nikaelewa kwa nini mababu zetu waliwaita hawa watu wazungu. Waliwakuta wanazunguka.

Sisi kwetu mtu anazungushwa. Unafuata faili wizarani, unaambiwa njoo kesho, mwenye ufunguo kaenda msibani, na ukichoka unashauriwa uzunguke mbuyu, yaani utoe chochote. Nikajiambia wenzetu kila kitu chao kimenyooka, wamekosa wa kuwasumbua, wamejijengea usumbufu wao kwa matofali. Hii kauli nitaifuta huko chini, subirini.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Tulipolizoea la Mile End, mzee akaanza kutaka ya miji mingine. Tulikwenda Norwich, ambako liko kwenye ua wa kanisa kuu. Ely liko sakafuni mwa kanisa, unaingia tu mlangoni tayari umeshalikanyaga. Saffron Walden wamelichonga kwenye nyasi, mvua ikatunyeshea na mzee hakukubali kuondoka kabla hajatoka kwa njia aliyoingilia. Winchester liko juu ya kilima, nikamsukuma mgongoni hadi kileleni nikiwa natweta kuliko yeye. Na kila mahali katikati hakuna kitu, nilikuwa nakagua.

Aside kidogo. Miaka mingi baadaye Mpemba mmoja aliniambia Kiswahili tunalo neno la kitu hiki: mzingile mwambiji. Nashukuru Mungu wakati ule sikulijua. Mtaona kwa nini.

Sasa tuje kwenye roho ya uzi.

Nilikuwa nampenda binti mmoja wa Ilford, anaitwa Kemi. Mhaya. Aliletwa London akiwa mdogo, Kiswahili anakisikia chote ila ukimwambia "habari za asubuhi" anakujibu "yeah, I'm good". Nilimpenda hadi nikawa nakosea stesheni. Nikaandika barua ya posa, nikamtuma mshenga kwa mama yake.

Mama Kemi alikuwa mjane, na kule kanisani kwetu Ilford alikuwa ndiye kila kitu. Wachungaji wanabadilika, yeye yupo. Mchana alikuwa msimamizi wa wafanya usafi katika jengo moja la ofisi, na Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya masista ya Bukoba, kimenyooka kuliko cha wenye ofisi. Wahaya msinune, nawasifia. Alisema jibu la barua atalitoa Jumapili ya tatu.

Jumapili ya pili ndipo kulipoharibika.

Kuna Mkongo mmoja pale kanisani, Papa Dieudonné wa Bukavu, mtu wa maombi sana. Wikiendi alikuwa steward, mwelekeza watazamaji, kwenye mechi za mpira. Siku moja katikati ya wiki iliyotangulia alikuwa ghorofa ya juu ya basi namba 25, basi likakwama kwenye foleni pale pale Mile End, akatazama chini dirishani. Akaniona.

Nilipofika kanisani Jumapili, benchi langu likabaki na mimi peke yangu. Baada ya ibada nikaitwa nyumbani kwa Mama Kemi. Papa Dieudonné alishakaa kwenye kochi, na Kemi amesimama mlangoni kwa mama yake amenuna.

"Mama, mimi niliona na macho yangu," akaanza Papa. "Ule muzee wa muzungu alikuwa mbele na fimbo, huyu kijana nyuma, bote bila viatu, banazunguka, banazunguka. Kisha banasimama katikati, muzee anafunga macho. Mbele ya Mungu!"

"Mum, it's just a labyrinth," Kemi akasema. "People walk it. It's like, relaxing."

Mama Kemi hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Baba, hicho kitu ni nini?"

"Ni njia, mama. Njia ya kuzunguka."

"Inakwenda wapi?"

"Katikati."

"Katikati kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Halafu?"

"Unarudi."

Wakuu, nilijisikia mwenyewe nilivyosikika. Hebu fikirini pale ningeongeza "kinaitwa mzingile mwambiji". Si wangeita zimamoto?

"Nasikia mpaka Norwich ulikwenda," akasema. "Ulipanda treni, ukaenda mahali hakuna kitu, ukarudi."

"Ni kazi, mama. Nalipwa."

"Unalipwa kuzunguka? Na nani?"

"Na agency."

Papa Dieudonné akapiga paji la uso. "Ni bale bale!"

Kufikia jioni ilishajulikana Ilford hadi Rayners Lane kwamba nimeingia chama cha siri, kile cha watu wa pete na utajiri wa ghafla. Utajiri wenyewe nalala chumba cha kupandia kitandani! Ila niwape siri moja. Wale wale walionihama benchi, watatu walinipigia simu kwa sauti ya chini. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa. Aliniuliza fomu zinapatikana wapi, na kama kuna punguzo kwa mke na mume.

Nilicheka nikiwa peke yangu chumbani, halafu nikalia. Kemi alishaniambia bila kupepesa: bila baraka za mama yake haolewi, kwa sababu mama yake hana mtu mwingine London.

Ijumaa Mama Kemi akanipigia. Anataka alione hilo duara kwa macho yake, kesho saa nne.

Akaja na Kemi, Biblia, chupa ya mafuta ya upako, na Papa Dieudonné mwenye filimbi yake ya steward shingoni. Mzee Desmond alishaanza safari yake, hakututazama. Mama Kemi akakagua matofali kwa mbali, akatoa hukumu.

"Sikanyagi. Tunafanya Yeriko."

Kwa wasiosoma Biblia: Waisraeli waliuzunguka mji wa Yeriko siku saba, siku ya saba wakauzunguka mara saba, wakapiga baragumu na kelele, kuta zikaanguka. Basi hawa wawili wakaanza kulizunguka lile duara kwa nje, wanakemea kwa Kihaya, Kiswahili cha Bukavu na Kiingereza cha masista, na kila mzunguko ukiisha Papa anapuliza filimbi.

Nikabaki nimesimama na viatu vyangu mkononi. Ndani mzungu anazunguka, nje waombaji wanazunguka kumwombea aache kuzunguka, na kuta zenyewe za kuanguka hakuna.

Mzunguko wa tatu Mzee Desmond akainua macho. Mwalimu yule alifurahi kama mtoto. Akawapungia fimbo, akasema kwa adabu zake zote kwamba hajawahi kuona watu wenye moyo kiasi hicho, ila mlango uko upande huu.

Mzunguko wa tano magoti yakamshinda Mama Kemi, akakaa kwenye benchi, Papa akaendelea peke yake, kila hatua na sala yake. Mzee naye akawa ametoka. Akaketi pembeni yake, akamimina chai ya chupa, akampa kikombe. Mama akakipokea, maana kukataa chai ya mzee ni kukosa malezi hata kama mzee mwenyewe ni wa chama.

"Pale katikati unafanya nini?" akamuuliza.

"Nasema jina la mke wangu," mzee akajibu. "Nyumbani siwezi, kila nikilitaja nabaki humo humo. Hapa nikishalitaja, najua njia ya kurudi."

Mama Kemi alikaa na kile kikombe hadi chai ikapoa. Halafu akasema jambo ambalo mimi sikuwa nalijua, na niliona kwa uso wa Kemi kwamba halijawahi kusemwa mbele ya mgeni.

Mumewe alifia London 1994. Mwili ukapelekwa Bukoba, yeye akabaki. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa yanashughulikiwa, na akitoka asingeruhusiwa kurudi kwa mtoto. Mumewe akazikwa kwenye migomba ya kwao bila mkewe kuweka hata konzi ya udongo. Kila alipouliza aliambiwa asubiri barua, barua ikija inataka barua nyingine. Miaka saba. Hapa ndipo naifuta ile kauli yangu ya kwamba mambo yao yamenyooka. Makaratasi yalipotoka 2001, akawa anaona aibu. Atawaambia nini shemeji zake?

Mzee alimwonyesha tu mlango wa duara kwa fimbo.

Mama Kemi akavua viatu. Akaniachia Biblia nimshikie, akaingia.

Alikwenda taratibu, njia ikamkaribisha katikati, ikamtupa nje, nikamwona anasita na kuangalia kama akatize. Hakukatiza. Alipofika alisimama akasema jina, tena kwa sauti, halafu akaongea Kihaya kirefu ambacho mimi Mluguru sikielewi na sikutaka kutafsiriwa. Kemi alinishika mkono akalia waziwazi. Papa Dieudonné alikuwa anamalizia mzunguko wa saba, filimbi mdomoni. Hakuipuliza. Mungu ambariki kwa hilo, mengine yote nimemsamehe.

Alipotoka, alivaa viatu kwanza. Kisha akasema, "Barua yako nimeisoma, mwandiko mbaya. Mahari yangu ni moja. Mtanipeleka Bukoba."

Tulikwenda Desemba, sisi watatu. Shemeji yake mkubwa alitupokea uani, mzee wa kuheshimika, hakutabasamu. Akamwambia mbele yetu, "Miaka tisa, shemeji. Miaka tisa ulikuwa wapi?"

Mama Kemi alikuwa ameshainama anavua viatu, aende kule kwenye migomba.

"Nilikuwa njiani," akasema.

Yule shemeji naye akavua vyake, akamtangulia.

Funzo nililolipata, wakuu: ukimwona mtu anazunguka, usiharakishe kumwita mchawi, na wala usimwonyeshe njia ya panya. Huenda anafika.

Nawaachia jukwaa. Walioko ughaibuni, nani aliwahi kuitwa mchawi kwa sababu ya kazi yake? Na wataalamu wa lugha, huyu "mwambiji" ni nani hasa? Ila wale wa fomu na pete, sanduku langu la PM nimelifunga tangu 2003.