Makaa kwenye Ukuta wa Kukhu

Hadi leo nikishuka Khwisero na mtu akapaza sauti "daktari wa makaa!", natazama kwingine kana kwamba anaitwa jirani, lakini nyinyi ni watu wangu, afadhali mnisikie mwenyewe kabla wengine hawajawauzia habari hii kwa bei ya kuruka.

Baada ya miaka ya kuuza viatu vya mitumba nilikuwa nimejiunga na masomo ya utabibu Kakamega mjini, na mwalimu wa jenetiki akatufundisha kuchora ukoo: mwanamume mraba, mwanamke duara, aliyeugua unamjaza weusi, anayebeba ugonjwa bila kuugua unamjaza nusu. Kila mmoja achore wa kwao. Nikajiambia, Jumamosi wakwe wanakuja kumposa dada yangu Khasandi, jamaa wote watakuwepo, kwa nini nisafiri mara mbili?

Kukhu, nyanya yetu, akakataa kusema amezaa wangapi.

"Watu hawahesabiwangi. Ukihesabu, kuna mwenye anasikia."

Nikambembeleza kama mteja mgumu: asihesabu, ataje majina tu. Akataja. Nikahesabu moyoni, mara mbili (soko halimtoki mtu): wanane. Karatasi ikawa ndogo, nikaokota kaa, nikahamia ukuta wa jikoni, uliopakwa chokaa jana yake kwa heshima ya wageni. Nikamjaza weusi ndugu yetu Ambani, aliyekufa mdogo kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu, nikawajaza nusu baba na mama, maana mtoto huurithi kwa wote wawili. Kando ya Khasandi, kwa kuwa hajapimwa, nikaweka alama ya kuuliza.

Mara wageni wakatokea upande wa jikoni. Hata kuku walionusurika sufuria walikimbia.

"Huyu ni nani?" akauliza mama yake mchumba.

"Baba yangu." Nikamwonyesha alipokaa.

"Mbona ni nusu?"

Jenetiki yote ikanitoroka. "Bado... hajajaa," nikasema, Mungu anisamehe.

Baba akajishika kifua, upande uleule mweusi.

"Wewe kijana," ami akanguruma, "unazikanga watu siku ya posa?"

Wageni wakashika mikoba. Khasandi hakulia, alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikakimbilia tambara na maji, lakini makaa yakatiririka, madoa marefu yakishuka kutoka kwa kila niliyemchora. Ndipo Kukhu akaninyang'anya kaa, akachora duara dogo kando ya baba, dada yake, akalijaza.

"Huyu jina lake hatulitajangi. Alilia kuumwa mikono na miguu, kama Ambani."

Wa tisa.

Mama yake mchumba, aliyekuwa ameshafika langoni, akarudi polepole, akaomba kaa. Mahali peupe akachora miraba miwili, akaijaza mpaka kaa likavunjika.

"Hawa ni wangu. Walikuwa wanalianga hivyohivyo."

Akachora wa tatu, akauacha mtupu, akamtazama mwanawe, akanipa kipande kilichobaki. "Na huyu?"

Nikaweka alama ya kuuliza.

Posa ikasimama mpaka wote wawili wapimwe damu. Walienda pamoja, wameshikana mikono, na majibu ni yao, siyo bidhaa yangu.

Ukuta umepakwa chokaa tena na tena, na bado yale maduara hujitokeza. Nimeapa kutochora mtu aliye hai ukutani, wageni wawepo wasiwepo. Nikipita pale huhesabu watoto wa Kukhu mara moja tu. Ya pili naogopa mwenye anasikia.