Treni ya Kibelgiji Siku ya Posa

Nyie mnaonicheka kwamba sitokagi nyumbani, haya, chekeni tena, maana aibu hii ilinikuta hapohapo sebuleni kwangu Goba, sijavaa hata viatu.

Kaka yangu alishatangulia mbele ya haki, hivyo posa ya binti yake, Zuhura, ilikuja kwangu. Kazi yangu ilikuwa moja: mshenga akimaliza kusema, nijibu kwa adabu kwamba tumesikia, tupeni muda tushauriane. Basi. Posa haijibiwi palepale, hata kama binti mwenyewe keshachagua rangi ya shela.

Sasa mie nina treni, mfano wa kichwa cha treni ya umeme ya zamani ya Ubelgiji, ya kijani, urefu wake kama mkate wa boflo (niliikuta kwenye rundo la midoli ya mtumba, mke wangu anaiita mke mwenza). Juu ya paa ina vikono viwili vya springi, vile ambavyo kwenye treni yenyewe hushika umeme kwenye waya. Nikaona wageni wanatoka Mbweni, wasije wakatuona washamba, nikatandaza reli zipite chini ya meza ya sebuleni.

"Baba mdogo, basi vilaze hivyo vikono," Zuhura akaniambia.

"Vikilala inafanana na kiatu," nikamjibu.

Mshenga, Mzee Shomari, kanzu yake nyeupe pee, akaanza, "Tumepita bustanini kwenu, tumeona ua..." Treni ikazunguka mara ya kwanza, wageni wakatabasamu, nami nikavimba kichwa. Mara ya pili vikono vikanasa kwenye pindo la kitambaa cha kufuma alichotandika dada yangu mezani, magurudumu yakawa yanasaga tu kama mashine ya unga, na mzee ndo kamaliza kusema, watu wote wananitazama mie. Badala ya kuzima swichi (ilikuwa pembeni ya goti langu, jamani) nikaingia chini ya meza nikaivuta treni. Treni ikaja. Kitambaa kikaja. Jagi la juisi ya ukwaju nalo likaenda mapajani kwa Mzee Shomari.

"Lahaula!" mzee akaruka.

Shangazi wa bwana harusi akasimama, anatafuta mkoba. "Tumeshajibiwa. Twendeni."

Nikamwona Zuhura mlangoni, nikapiga kelele hukohuko chini, "Hatujakataa! Tumekubali! Mchukueni!"

Dada yangu kashika kichwa. Zuhura akainama kunichungulia: "Mchukueni? Kama mbuzi wa machinjioni Vingunguti, baba mdogo?"

Mzee Shomari akacheka mpaka akakohoa. "Nimeposa nyumba nyingi," akasema, mke wangu anamfunga khanga kiunoni, "sijawahi kujibiwa na mtu aliyepiga magoti."

Ndoa ipo, alhamdulillahi. Jibu la heshima alipeleka dada yangu, na upande wa pili walileta ombi moja tu: siku ya harusi familia yetu isemewe na mtu mwingine. Tulikubali palepale.

Mie nimekoma. Siku nyingine ikija posa kwangu, hakizunguki kitu sebuleni, hata feni nazima, tutokwe jasho kwa heshima.